Baridi ya Barafu Huanzia Msituni

Jinzi niliyovaa siku ya kwanza kupanda Mlima Kilimanjaro ilikuwa mpya. Niliinunua makusudi kwa safari ile, kama mtu anayealikwa harusini. Nilitoka nyumbani Soweto, mjini Moshi, alfajiri, nikadandia daladala hadi stendi, na kufika saa tatu nilikuwa kwenye geti la Machame nikisubiri mzigo wangu upimwe. Msituni mvua ikatukuta. Si mvua ya kutisha, ni ile ya kunyunyiza tu, inayoshuka taratibu kutoka kwenye majani mchana kutwa. Jioni tulipofika kambini, jinzi ilikuwa na uzito wa ndoo. Nguo zangu nyingine zilikuwa ndani ya kiroba, na kiroba kilikuwa kimelowa kama mimi. Nililala na jinzi yangu.

Asubuhi jinzi ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Nikatembea nayo hadi Shira, zaidi ya mita 3,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hakuna tena mti wa kukinga upepo. Nilipewa kazi ya kufungua kamba za hema la wageni. Nikaishika kamba, nikaiangalia, vidole vikakataa. Mpishi wetu, mtu mzima kutoka Kibosho, alikuwa ananitazama kwa mbali. Akaja.

"Dogo, gusanisha kidole gumba na hiki cha mwisho."

Sikuweza. Vidole vilikuwa vinapishana hewani kama vya mlevi. Hakusema neno lingine. Alinishika bega, akaniingiza kwenye hema la jikoni, akanivua kila kitu, akanivalisha sweta lake mwenyewe na kunikabidhi kikombe cha uji uliojaa sukari. Baada ya kama nusu saa nikaanza kutetemeka vibaya, naye akacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa umerudi," akasema.

Naandika haya Julai, kipupwe kikiwa kimekaza. Huu ndio msimu wa wageni wengi, na ndio msimu ambao vijana wengi wa Soweto, Pasua, Majengo na Njoro wanapata safari yao ya kwanza. Kila mmoja anaogopa kilele. Anauliza habari za kambi ya Barafu, za Kibo, za usiku wa kupanda kwenda Uhuru. Hakuna anayeuliza habari za msitu. Na mimi nimebeba mizigo miaka ya kutosha kusema hivi bila kusitasita: mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, akizidiwa na baridi juu kule, mara nyingi baridi hiyo aliibeba mwenyewe tangu siku ya kwanza, ndani ya nguo zake.

Tupige hesabu kwanza, maana hesabu hii unaweza kuifanya hata ukiwa umekaa kibarazani. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6 na nusu. Mjini Moshi tuko kwenye mita 800 na kitu. Usiku wa Julai hapa kwetu ukiwa nyuzi 15, watu wanatafuta blanketi la pili na bodaboda wanavaa makoti mawili. Kambi ya Barafu iko karibu mita 4,700, yaani juu yetu kwa mita 3,800 hivi. Toa nyuzi 25. Unabaki na 10 chini ya sifuri. Uhuru, mita 5,895, ni kama 18 chini ya sifuri, na hapo upepo bado haujahesabiwa.

Lakini hewa peke yake, hata ya baridi namna hiyo, mtu mkavu mwenye nguo za maana anaivumilia. Maji ndiyo adui. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuzidiwa na baridi kwenye nyuzi 8 au 10 juu ya sifuri, mahali ambapo hata barafu haiwezi kuganda. Kinachohitajika ni shati lililolowa, upepo, na tumbo tupu. Vitu hivyo vitatu mgumu anakutana navyo kila siku ya safari.

Na maji hayo si ya mvua tu. Wewe umebeba kilo 20 za kampuni na begi lako juu yake, unapanda mbio ili ufike kambini kabla ya wageni, uwahi sehemu nzuri ya kupiga hema. Unatoka jasho mpaka mgongoni. Ukiwa unatembea husikii kitu, mwili unachemka. Ukifika, unatua mzigo, unakaa juu ya jiwe, unapiga soga na wenzako, na upepo unakupita mgongoni. Nusu saa hiyo ya kwanza baada ya kufika ndiyo naiogopa kuliko usiku mzima wa Barafu. Joto ulilolitengeneza njiani linakwisha, shati bado bichi, na wewe unajiona uko sawa kwa sababu ulikuwa umechemka.

Kwa hiyo, njiani, anza safari ukisikia kibaridi kidogo. Ukitoka kambini umejikunyata ndani ya jaketi, baada ya dakika kumi utakuwa unalowa kwa ndani. Vua jaketi kabla ya jasho, usisubiri jasho likukumbushe. Na ukifika, kabla hujakaa, kabla hujashika kamba ya hema, kabla hata hujamsalimia mtu, vua shati lililogusa ngozi na uvae kavu. Vaa mzula. Wenzako watakucheka kwamba unajiremba. Waache wacheke, nao wakimaliza kucheka wataanza kutafuta moto wa kuota.

Hilo haliwezekani kama huna shati kavu, na hapa ndipo kuna kanuni moja ambayo sikubali mjadala juu yake. Pakia seti moja ya nguo ambayo haiguswi: fulana ya ndani, suruali ya ndani, sweta, soksi nene, mzula. Seti hiyo ni ya kulalia na ya dharura, basi. Asubuhi unaivua, unarudia nguo zako zenye unyevu hata kama zinauma, na ile kavu inarudi mfukoni. Siku ya kwanza utaona ni mateso. Siku ya nne, mwenzako akiwa hana hata uzi mmoja mkavu, utanielewa.

Zamani tulikuwa tunafunga nguo kwenye rambo mbili, moja ndani ya nyingine, na shida ikaisha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, na marufuku hiyo mimi naiunga mkono, maana tulikuwa tunaokota rambo hadi kwenye mawe ya Barranco. Lakini wagumu wengi walirudi kwenye kiroba cha kusuka, na kiroba hakizuii maji, kinayakaribisha. Dawa niliyoiona inafaa ni kwenda kwa fundi wa maturubai ya malori, umwombe kipande cha turubai zito lililobaki, akushonee mfuko mrefu wenye shingo. Mishono aipake gundi. Ukishaweka nguo, shingo unaikunja mara tatu au nne kabla ya kuifunga kwa kamba. Jaribu nyumbani: weka gazeti ndani, zamisha mfuko kwenye beseni, hesabu mpaka mia. Gazeti likitoka kavu, umepata mfuko wako.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Hakuna haja ya kuuza simu. Soko la mitumba la Memorial lina nguo za mlimani ambazo zikiwa mpya Ulaya zingegharimu mshahara wako wa safari kadhaa. Tatizo ni kwamba kijana anakwenda pale kutafuta jina kifuani, si kitambaa. Achana na jina. Tafuta lebo ndogo ya ndani, ubavuni au shingoni. Kama imeandikwa pamba, hata ikiwa nene kama godoro, iache iwe ya kwendea kanisani au msikitini. Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Unachotaka ni sufu, ambayo hata ikilowa inabakiza joto, au poliesta, ambayo hainywi maji mengi na hukauka haraka.

Lebo imekatwa? Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, nenda pembeni, uwashe kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kitone kigumu. Mama mmoja muuza sweta aliniona nikifanya hivyo akadhani nataka kumteketezea meza. Nilipomweleza, akanipa sweta nyingine tatu nimkagulie na yeye, kisha akapandisha bei ya ile ya sufu. Biashara ni biashara.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani iwe ya kubana kidogo ili ivute jasho kutoka kwenye ngozi. Ya kati iwe ya kufuga hewa, maana kinachokupasha joto si sweta lenyewe bali hewa iliyotulia ndani yake. Ya nje izuie upepo na mvua. Jaketi la nje lijaribu kwa mdomo: weka kitambaa kwenye midomo upulize kwa nguvu. Ukisikia pumzi yako upande wa pili, upepo wa Barafu nao utapita. Kagua zipu, kagua kofia yake, vuta mishono. Zipu mbovu kwa fundi ni dakika chache. Zipu mbovu usiku wa saa nane mlimani hakuna fundi.

Miguuni, usipachike soksi tatu ndani ya buti linalobana. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, na kinachopasha vidole joto ni damu. Bora soksi moja nene na nafasi ya kuchezesha vidole. Mikononi, glavu za kidole kimoja kimoja ni za kazi. Za kulalia na za kupanda usiku ziwe zile zinazoweka vidole vinne chumba kimoja. Miwani ya jua usiidharau kwa kudhani ni fasheni ya wageni. Ukienda juu kwenye theluji bila miwani, macho huungua, na usiku utalia kama mtu aliyemwagiwa mchanga.

Kama huna uwezo hata wa Memorial, shirika la KPAP, ambalo limekuwa likiwatetea wapagazi tangu 2003, huwaazimisha wagumu nguo za mlimani bila malipo hapa hapa Moshi. Kuazima si aibu. Aibu ni kurudishwa kwenye machela ya gurudumu moja, umefunikwa blanketi, huku kijana wa umri wako akikusukuma.

Nije kwenye kulala, maana usiku ni mrefu. Watu hujifunika juu wakasahau chini. Ardhi ya kambini hunyonya joto lako usiku kucha, na begi la kulalia unalolikandamiza kwa mgongo halina hewa tena ya kukukinga. Weka sponji chini. Kama ni jembamba, ongeza viroba vikavu, begi tupu, hata jaketi la mvua. Kula ushibe kabla ya kulala, kwa sababu chakula ndicho kuni za mwili. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya chuma, funga barabara, ivishe soksi, ilaze katikati ya mapaja au kifuani. Asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Na ukibanwa na mkojo saa tisa usiku, toka. Najua. Lakini kubana hakukusaidii kitu, kunakukosesha usingizi tu, na kule juu kukojoa mara kwa mara ni dalili kwamba mwili unajizoeza.

Kuna jambo moja la usiku linalonifanya nipandishe sauti. Usilale na jiko linalowaka ndani ya hema. La mkaa, la gesi, la mafuta ya taa, yote ni yale yale. Jiko likiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, ambayo mlimani tayari ni haba. Mtu hasikii kukabwa. Anasikia kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu, anasema ni mlima huo, anageuka upande wa pili na kulala. Haamki. Najua kwa nini tunafanya hivyo: hema la jikoni ndilo lenye joto, na mara nyingi ndilo tunalopewa tulale. Basi mkimaliza kupika, jiko litoke nje kabisa, lango lifunguliwe pepo mbili tatu zipite, ndipo mtandike. Mkikaa mnapika, acha lango wazi chini na juu. Baridi itakayoingia inatibika.

Sasa mwenzako. Nasema mwenzako, kwa sababu anayezidiwa na baridi ni wa mwisho kujua. Mwili wa binadamu uko kwenye nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, akili inaanza kuteleza kabla ya miguu. Mtazame. Anajikwaa kwenye njia tambarare. Anaangusha vitu. Maneno yanamtoka yakiburutana. Aliyekuwa mchangamfu amenyamaza, au mpole amekuwa mkali. Mfanyie kile mpishi wangu alichonifanyia: kidole gumba na kidole cha mwisho. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba, au kwa tatu tatu kama hesabu hakuwahi kuipenda. Na shika hili: anayetetemeka bado anapigana. Aliyekuwa anatetemeka akaacha, na bado hajavaa nguo kavu wala kunywa kitu cha moto, huyo hajapona. Huyo yuko karibu na hatari kubwa, na wengine wakifika hapo huanza kuvua nguo wakidai wanaungua.

Mtoe kwenye upepo. Mvue nguo mbichi zote, usimwonee haya, mvalishe kavu, mweke ndani ya begi la kulalia juu ya sponji, na mtu mwingine mwenye joto aingie naye. Chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi ziwekwe kwapani, kifuani na kwenye mapaja kwa juu. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe uji au chai yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu. Ukisukuma damu ya baridi irudi moyoni kwa ghafla unaweza kumdhuru zaidi. Usimlazimishe atembee ili "apate joto." Na tafadhali sana, konyagi ikae kwenye begi la aliyeileta. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unasikia umepata joto usoni, kumbe ni joto la ndani linakukimbia. Sigara nayo hubana mishipa ya vidole. Mbege, pombe yetu ya ndizi ambayo naiheshimu, ina mahali pake, napo ni chini ya migomba.

Utauliza: na kama si baridi, ni ugonjwa wa mlima? Dalili zinafanana, hasa ile ya kupepesuka. Kichwa kisichokubali dawa, kutapika, kukohoa na kupumua kwa kukoroma hata akiwa amekaa, hayo ni ya mlima. Mpashe joto huku mnampeleka chini, hata kama ni usiku, na askari wa hifadhi aliye kambini aambiwe mara moja. Kushuka ndiyo tiba. Hakuna anayeshinda ugonjwa wa mlima kwa ubishi, na kuzaliwa Old Moshi au Marangu hakumpi mtu mapafu ya ziada. Wazee wetu waliweka vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, kuanzia mita 1,000 hadi 1,800 hivi, wakamwachia Mungu sehemu iliyobaki. Walikuwa na akili.

Kinachoua wagumu kimya kimya ni kuogopa kusema. Anajua kwamba akirudishwa chini siku ya pili, siku zilizobaki huenda zisilipwe, na tipu haitamfikia. Kwa hiyo anavumilia. Niliwahi kufanya kazi na kampuni ambayo sitaitaja, tukalala watu kumi na wawili kwenye hema la watu sita, na kijana mmoja alikohoa siku tatu bila mtu kumuuliza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anaficha la kwake. Hapo ushauri wa nguo haumsaidii mtu. Kwa hiyo nawageukia nyinyi waongozaji wa safari: getini mnapima mizigo, kila mmoja na kilo zake 20, basi dakika hizo hizo fungueni na mabegi ya vijana. Asiye na sponji, asiye na jaketi la mvua, aliyevaa raba zilizotoboka, abaki mapema, akiwa bado na nauli ya kurudi mjini. Ni ukali, lakini ni nafuu. Na siku ya kwanza jioni semeni mbele ya wote kwamba atakayeugua akasema, siku zake zitahesabiwa. Kisha mzihesabu kweli.

Yule mpishi wa Kibosho sweta lake sikumrudishia hadi tuliposhuka Mweka. Nilimfulia, nikampelekea kwake, akaniuliza ile jinzi iko wapi. Nikamwambia nimeiuza. Akaniambia vizuri, lakini nimhurumie aliyeinunua.

Wewe unayepanda wiki ijayo, nenda Memorial asubuhi, kabla mabelo hayajachambuliwa na wenye macho makali, uende na kiberiti mfukoni. Jinzi usiziguse.